Waja Leo

Ofisi ya ushirika wetu, Barabara ya Kumi na Mbili, Tanga,
juu ya duka la vipuri vya baiskeli.
Seva imo kwenye kabati lililokuwa la mafaili ya mkonge;
ukilifungua, bado lanuka kamba.

Shekalaghe, mhasibu, kaniletea karatasi:
Punguza muda wa kutunza nakala.
Siku mia nne ni za nini? Tia thelathini.
Nafasi ni pesa, Mwanamkasi.

Nikaketi, nikatia nywila. Nikafuta nne, sufuri, sufuri,
nikaandika tatu, sufuri.
Kikatoka kisanduku chekundu, kwa adabu zake zote:
muda huu waweza kurefushwa, hauwezi kufupishwa.
Nikarudi kwa jina la msimamizi mkuu,
ambaye ni mimi huyu huyu mwenye nywila ndefu zaidi.
Kikanijibu vile vile.

Nani alilifunga kufuli hili?
Mimi. Mwaka juzi, virusi vilipokula
hesabu za wanachama wa Pongwe na Muheza,
na wiki tatu tukazisaka kwenye stakabadhi
zilizolowa jasho mifukoni mwa watu.
Nikaapa: usiwepo mkono wa kufuta,
hata huu wangu.
Mkono haukuambiwa kuwa siku moja utatumwa.

Hapa twasema waja leo, waondoka leo,
kisha mgeni twamwongezea chai.

Nikafungua nakala moja, ya kusoma tu.
Machi ya mwaka jana, kazi ya Bi Mwantumu Kidege.
Kila barua kaandika Tnaga.
Tnaga, tarehe tatu.
Tnaga, tarehe nne, ndugu mwanachama, salaam.
Alipofariki tulizisahihisha zote,
kwa heshima, tulisema.
Humu ndani heshima yetu haikumfikia.

Muda wake wakwisha Ijumaa.

Shekalaghe yuko mlangoni, agonga kalamu kwenye meno.
Nikamwambia kweli: mpya nitazitia thelathini,
za zamani zitaondoka kwa siku zao,
si zako wala zangu.
Akaguna, akashuka ngazi kufuata kahawa.

Sikumwambia kuwa mlango huu una upande mmoja unaofunguka.
Nakala moja tu, ya tarehe nne,
nimeiongezea siku.
Ngapi, asiniulize.
Bili itamwambia.