Soksi za Banda la Tatu

Kuku mgeni hakosi kamba mguuni.
Yangu ni soksi, kitambaa cheupe chepechepe
ninachokivalisha buti kabla sijaingia banda la tatu,
nje kidogo ya Leominster, mji ambao wenyewe
huuita Lemsta; herufi nyingine wameziacha njiani.

Kila wiki ya kumi na tano, natembea.
Kuku elfu nne hunipasukia mbele kama maji
na kujifunga tena nyuma yangu.
Si kazi ya mikono hii. Ni ya nyayo:
kukanyaga, kuburuta, kuokota habari sakafuni.

Maana ugonjwa huu hauna adabu ya kubisha hodi.
Kuku hakohoi, hazubai, hajikunyati pembeni.
Hutaga kama jana, yai limetakata,
na ndani ya kiini mtu ameshaketi
akimngoja mtoto anayelamba mwiko wa keki.

Asubuhi ile Gwilym Prosser alikuja na kikombe cha chai.
Hakunitazama. Alitazama mvua.
"Tunu, ishia pale kwenye maranda mapya.
Kule nyuma ni unyevu tu."
Nilimwelewa. Deni la benki nalo hutaga,
kila mwezi, wala halihitaji jogoo.

Nikasimama juu ya maranda yanayonukia msonobari.
Hatua ishirini, bahasha, stempu, nyumbani.
Nani angejua? Soksi haina ulimi.
Lakini kule nyuma, chini ya mlango wa chuma,
nilikwisha kuuona upenyo, upana wa kidole gumba,
na mavi ya panya, meusi kama habasoda,
yametawanywa kana kwamba kuna mtu
alitaka kuoka mkate.

Nikaenda.
Banda zima, mpaka ukutani, nikarudi kwa upande wa pili.
Soksi zikatoka na rangi ya ugoro.

Siku ya sita simu ililia jikoni kwake.
Nilikuwa naosha trei. Nilisikia kimya
kabla sijasikia neno.

Basi. Mayai hayakwenda tena dukani,
yalikwenda kiwandani yakapikwe mpaka yasamehewe.
Kuku waliondoka usiku, kreti kwa kreti,
miguu yao ina joto viganjani mwangu.
Kisha kukwangua, kufagia, sabuni kwanza ndipo dawa,
kwani dawa juu ya uchafu ni manukato tu;
kukausha, kungoja, kupima kuta tupu.
Prosser aliziba upenyo kwa mikono yake mwenyewe,
amepiga magoti kama aombaye radhi, sijui kwa nani.
Wiki zile hatukuambiana ila "shika" na "lete".

Nyumbani walisema: mficha maradhi, kilio humuumbua.
Hawakusema mfichuaji naye hulipwa nini.

Machi wamekuja mitetea wapya,
chanjo yao imeandikwa kwenye karatasi
aliyoibandika juu ya sinki, palepale tunaponawia.
Nami leo ni zamu yangu tena. Nachovya soksi, navaa.
Mwisho kabisa wa banda, pale ukutani,
kuna mstari mpya wa chokaa, umepinda kidogo.
Hakuniambia ni wa nini.
Naugusa kwa ncha ya buti,
halafu nageuka.