Ekari Moja na Robo, Ganda

Mdogo wangu Mghoi,
umenitumia picha: nyasi, mbingu, pikipiki ya dalali pembeni,
na chini yake umeandika, "Dada, nimelipata shamba."
Hujalipata. Umepata picha.

Mimi nilikuja Ganda mwezi wa pili,
udongo umekauka, unanong'ona chini ya kiatu,
na dalali wangu, Kitsao wa simu mbili,
akanionyesha bonde, akaliita "mteremko wa upepo".
Mwezi wa tano nikakuta vyura wameshahamia,
wao na jamaa zao, bila hati.
Nenda na masika. Vaa viatu vya kuharibika.
Shamba husema kweli likilowa.

Usiulize kama kisima kipo;
kisima kipo.
Teka, pika chai.
Yangu ya kwanza maziwa yalikatika sufuriani,
nikajua nimenunua bahari kwa bei ya ekari.

Hati ilikuwa safi, kama imepigwa pasi.
Jina lililomo: Nzai wa Mramba.
Nikasema nataka kumwona Nzai, nimsalimie.
Wakatazamana.
Nzai alizikwa mwaka wa mafuriko makuu.
Muuzaji alikuwa mpwa wake,
warithi walikuwa kumi na mmoja,
wawili Mtwapa, mmoja hajulikani aliko,
na mjane, Mama Mbeyu, hakuna aliyemwambia kitu.
Mali bila daftari huisha bila habari, sawa;
na daftari bila mwenyewe?
Nilipanda gari hadi Kilifi mara saba.
Mara ya saba karani aliniuliza kama mwanangu amepona surua.

Haya utaambiwa na kila mtu.
Hili hakuniambia mtu:

sahihi zimekwisha, bodi imekubali,
mpimaji ameyapaka mawe rangi nyekundu,
asubuhi moja nasikia nazi zinaanguka. Puu. Puu.
"Wewe uliye juu! Shuka! Hapa ni kwangu!"
Akashuka taratibu, akajifuta viganja kwa upindo wa kikoi.
"Ardhi ni yako, mama. Nimesikia, hongera.
Minazi ni yangu. Nilimlipa Nzai
kabla sijaota ndevu. Kumi na minne. Hesabu."
Nikahesabu.
Kumi na minne.
Huyo ndiye Thoya.

Nikaenda kwa chifu, midomo inanitetemeka.
Akacheka, si kwa ubaya.
"Huku mchanga una mwenyewe na mti una mwenyewe.
Wewe ulimuuliza nani?"
Sikuuliza. Nilipima chini siku nzima,
juu sikutazama hata mara moja.

Na nyuma ya mkorosho kuna vigango viwili,
vichwa vya duara, vimeinama kidogo kama vinasikiliza.
Kitsao alikuwa ameshanong'ona:
"Mbao hizo? Mjini zina wateja,
utarudisha pesa ya mpimaji."
Mama Mbeyu akaja, akasimama mbele yake.
Hakulia, hakunitazama.
Akamimina mnazi kidogo, akamwambia mumewe
kuna mgeni, ametoka Wundanyi, ni muuguzi,
ana mtoto mmoja na sauti kubwa.
Hati yangu ina tarehe nyingine,
lakini mimi nahesabu kuanzia siku ile.

Bado sijajenga ukuta.
Kuna kijinjia kinakata shamba toka kona hadi kona,
watoto wanapita saa kumi na mbili unusu, wananiamkia,
na fundi aliyetaka kukiziba nilimlipa nauli, akarudi kwao.

Kwa hiyo leo usitume hata shilingi.
Dalali akikwambia kuna tajiri anakuja kesho na fedha mkononi,
mwache tajiri aje,
mwache yeye auziwe mbuzi kwenye gunia.
Wewe njoo ulale kwangu siku tatu,
tulizunguke hilo lako kwa miguu,
tubishe hodi nyumba kwa nyumba, tuulize la juu na la chini.

Chumvi utaizoea.
Madafu yapo, mawili mlangoni kila akiangua,
hajawahi kukosa, sijawahi kumwomba.
Njoo Jumatano.
Thoya hupanda Alhamisi.