Buti la Kushoto

Basari ana manyoya
meusi, hayana haya,
hula mfupa na waya,
na hulala mlangoni.

Juu ya macho mawili,
vidoa rangi asali;
hivyo kamwe havilali,
vyaona hata ndotoni.

Huku hatupigi hodi:
jirani, hata wa jadi,
hulia mbali, hunadi,
“Mbwa wenu mshikeni!”

Hema letu la duara
huhama mara kwa mara
na ngamia wa hasira,
jiko likiwa nunduni.

Ni Gobi, nchi ya mawe,
majirani zetu mwewe;
mwenzangu lazima awe
Basari; mwingine nani?

Jibini kavu ya mbuzi,
ngumu kuliko mzizi,
mimi na yeye, majizi,
twaitafuna gizani.

*

Mwaka huu nina saba.
“Shule imefika,” Baba
alisema, na mkoba
ukawa pikipikini.

Mji wenyewe ni mbali,
mwendo wa siku kamili;
bweni mbwa halikubali,
hata alale uani.

Asubuhi ya safari,
buti langu la fahari,
la sufi, jekundu, zuri,
moja halipatikani!

La kulia hili, liko;
la kushoto, ah, haliko.
Mama kapekua jiko,
hata maziwa chunguni.

Basari alitazama
pembeni, mkia nyuma,
pua ina vumbi, kama
mtu katoka shimoni.

Ile pua niliona,
tukatazamana sana.
“Zula, wajua?” “Hapana.”
Uongo huo, jamani.

Hesabu yake ni hii:
mtu peku hakimbii,
wala shule haingii,
basi atabaki ndani.

Lakini Baba hachoki;
kaleta lake: “Hubaki!”
Kubwa kama pikipiki,
likanimeza pajani.

Mama kashika upawa
kuturushia maziwa,
njia ipate kulowa,
ndiyo dua ya nyikani.

Akatufuata mbio;
nikasikia kilio,
kumbe changu. Masikio
yake yazama vumbini.

*

Bwenini niliandika
herufi, zikapindika;
kila moja nikaweka
mkia wake mwishoni.

Usiku, buti la Baba
lanuka mbwa na kamba,
likawa kwangu ni nyumba
ndogo, pembeni, bwenini.

Mwezi Mweupe kufika,
theluji imefunika,
nikarudi, nikashuka,
nikaita: “Mshikeni!”

Hakushikwa na yeyote;
kanilamba uso wote,
kofia, pua na vyote,
kisha mbio! Kilimani.

Akachimba, akachimba
chini ya jiwe la mwamba,
akatoka, akatamba,
na buti li mdomoni.

Halina tundu la jino,
limetunzwa vyema mno
(mla waya, ana meno!).
Nalitia mguuni.

Kisigino kimegoma,
na vidole vimekwama.
“Umekua, Zula!” Mama
akacheka mlangoni.

“Tulichome?” kauliza.
Basari akasogeza
pua, macho kayakaza,
yote manne usoni.

“Basari, hili ni lako.
Lifukie huko huko.
Nikienda, mimi niko,
unyayo wangu shimoni.”

*

Likizo ilipokwisha,
Baba koti akashusha,
guu moja kalivisha.
Buti la pili? Jamani!

Basari, kando ya jiko,
kalala, kama hayuko,
na vumbi la hukohuko,
jipya kabisa, puani.