Mstari Uliokwanguliwa

Nilianza na hesabu, kwa kuwa hesabu haina machozi.
Kitabu cha ubatizo, parokia ya Ylikangas, Ufini ya mwaka wa njaa:
Briita, wa nyumba ya Rantala,
kajifungua tarehe ishirini na tisa Julai, binti, Kaisa;
kajifungua tena tarehe tatu Februari, mapacha.
Nikahesabu kwa vidole kama mtoto wa shule.
Miezi sita na siku tano.
Hakuna tumbo la kazi hiyo.

Nikamlaumu mchungaji. Baridi, nikasema, wino umeganda,
mkono umeruka mwezi.
Mwandiko wake kweli ni wa mtu asiyeshiba:
mwaka ule hata yeye alikula mkate wa magome ya msonobari,
na herufi zake zinainama kushoto
kama watu wa barabarani wanaotafuta pa kuangukia.

Majira mawili ya baridi yakapita hapo.
Mume wangu Veikko akauliza, hao wafu wanakudai nini?
Nikamwambia akoroge supu.

Kumbe Briita ni wawili.
Erkki na Juho, ndugu, paa moja, jiko moja,
kila mmoja kaoa Briita wake,
na mchungaji, aliyewajua kwa sura,
hakuona haja ya kuwatenganisha kwa ajili yangu.

Basi kitabu cha vifo.
Kaisa wa Erkki, miezi mitano, kifaduro, kumi na moja Januari.
Briita wa Juho, katika uzazi, tatu Februari.
Heikki, pacha wa kwanza, siku mbili.
Wote wamezikwa kumi na saba Mei,
maana ardhi ilikuwa chuma.
Hadi hapo walingoja ghalani, karibu na reki na magunia matupu,
na Heikki katika jeneza la mama yake,
mbao zikaokolewa.

Pacha wa pili: "Msichana. Kabatizwa na mkunga, kwa haraka."
Jina hakuna.
Sikumkuta kwa wafu. Sikumkuta kwa walio hai.
Nilimtafuta kama mtu anayetafuta miwani aliyoivaa.

Kisha kitabu cha nyumba, ukurasa wa Erkki.
Kaisa, Julai ishirini na tisa,
na pembeni yake msalaba, na msalaba umekwanguliwa kwa kisu
hadi karatasi ikawa nyembamba kama kope.
Niliinua ukurasa dirishani. Mwanga ukapita.
Baada ya hapo Kaisa anachanjwa ndui,
anasoma vizuri, anaelewa kidogo,
anaolewa, anazaa tisa, anazika wanne.
Wa saba ni bibi yangu.

Kilichotokea ndani ya chumba kile hakuna aliyekiandika.
Mtoto asiye na mama; mwanamke wiki tatu bila mtoto,
na maziwa hayakuwa yamepata habari.
Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, husemwa.
Sijui husemwa nini juu ya huyu,
aliyeumwa matiti kwa mmoja akanyonyesha mwingine,
akamwita kwa jina lile lile,
labda kwa mapenzi,
labda kwa kuwa jina lilikuwa limeshalipiwa.

Aprili nilikwenda makaburini na brashi ya vyombo.
Chini ya kuvu: KAISA, na tarehe.
Tatu Februari.
Alijua, basi. Kuna aliyemwambia,
jioni fulani, wakisokota sufu, au wakigombana.

Kompyuta inakataa. Mtu ana mama mmoja, inasema,
na kisanduku kinawaka nyekundu.
Nimechapisha ukoo wote karatasini, nikachukua penseli,
nikaandika Briita, nikaandika Briita,
na Heikki nikampa mstari wake, siku mbili, kamili.

Ila Kaisa wa Julai sijui nimweke wapi.
Kila ninapomwandika
anaitika mwingine.