Kuzindua Mwezi wa Sita

Tulifika na maboksi manne nyuma ya pikapu,
mimi, na Prentiss wa kampuni ya vitabu, na keki
yenye jina langu kwa krimu, herufi moja imekosewa.
Ukumbi ulinuka nta ya sakafu na samaki wa kukaanga.
Barafu ya ziwa ilikwisha yeyuka tangu Aprili;
kinamasi nyuma ya jiko kilijaa vyura, wakipokezana.

Niliondoka hapa nina miaka kumi na mmoja.
Nimerudi na kurasa mia mbili na kumi.
Nilidhani hiyo ndiyo safari yenyewe.

Bi Ernestine Shawanda, mstari wa mbele,
mkoba mapajani, buti za mpira zina tope bichi,
aliinua mkono kabla sijamaliza sentensi ya kwanza.
“Mwanangu, unawasikia vyura?”
Nawasikia, nikasema.
“Basi na wao wanakusikia.”

Prentiss akatazama saa. Akatazama keki.
Nami nikakumbuka kilichonidondoka mjini:
kwamba yule Sungura mwenye hila
(jina lake silitaji, bado ni kiangazi)
husimuliwa theluji ikishafunika ardhi,
watambaao na warukao wakishalala.
Visa vyote nilivihifadhi, nukta kwa nukta,
nikasahau msimu wao.

Kuzindua ni kumwamsha mtu usingizini.
Nani alinituma kubisha mlango huu
saa hii?

Nikafungua nyuma kabisa, kwenye shukrani,
nikasoma majina tu.
Isadore, aliyenipa kisa cha jiwe akishona nyavu.
“Amelazwa Sudbury,” sauti ikajibu.
Philomene, wa kisa cha mwezi.
“Tulimzika Februari.”
Clement, wa kisa cha nyigu.
“Huyo ana deni langu!”
Ukumbi mzima ukacheka, hata Prentiss,
na kwa namna fulani shughuli ikawa imefanyika.

Tuliuza nakala arobaini na tatu.
Hakuna aliyefunua hata moja.
Wazee walizipapasa majalada
kama mtu anavyopima joto la mtoto.

Bi Ernestine alibeba yake hadi jikoni,
akainua kifuniko cha friza,
akasogeza samaki waliofungwa kwa gazeti,
akakilaza kitabu katikati yao.
“Humu,” akasema, “majira yake yameshafika.”
Akafunika. Akaomba kipande cha keki,
kile chenye herufi iliyokosewa.

Novemba, usiku, simu iliita Toronto.
Hakujitambulisha, hakuuliza hali.
Alishika tu kipokezi dirishani, muda mrefu,
nikakaa kitandani sikio limebana.
“Unasikia?”
Sisikii kitu, Bibi.
“Basi njoo.”