Upande wa Pili wa Stakabadhi

Mchana, kiwandani Haapsalu,
Leida Kuusik alihesabu madebe ya maziwa.
Usiku aligeuza stakabadhi, upande mtupu,
akawaandikia watoto asiowazaa.

Kitabu cha kwanza: bata mwenye kiatu kimoja.
Mkaguzi alikisoma amekunja uso.
“Huyu bata anaruka kwenda wapi?”
“Ng’ambo,” alisema Leida. “Si bata?”
Ubeti wa nane ukachorwa wino mwekundu,
kitabu kikatoka na pengo
kama kinywa cha mtoto wa darasa la kwanza.

Lakini alikuwa ameshawasomea, Ijumaa moja,
theluji imepanda hadi madirishani,
na kitamu hakimtoki mtoto kichwani.
Wakaurukia kamba nyuma ya stesheni
miaka thelathini, mdomo kwa mdomo,
hata na wasiojua una mtunzi.

Nilimkuta uzeeni, meno yamo glasini.
Nikamwuliza kazi yake bora ni ipi.
Akanyosha kidole: nyamaza.

Uani binti wa jirani anaruka, tap, tap,
na kila afikapo kwa bata
anakosea neno lilelile.

“Lake zuri kuliko langu,” akasema,
akapapasa mezani,
akitafuta kalamu.