Uzi

Wiki tatu nilishika ncha ya bawa tu,
nikikimbia kando ya glaida mpaka ijitoe mkononi,
mabuti ya kuazimwa yakinila visigino,
na Bwanaadi, mtoto wa Faza, asiyeweza kunyamaza,
akiniuliza: "Mbeyu, utamsindikiza bwana harusi hadi lini?"

Jumanne nikaitwa ndani.
Sajini Ngowa akaketi nyuma yangu, akagonga kioo kwa ukucha.
Nje pamebandikwa kipande cha sufu nyekundu,
urefu wa kidole.
"Mishale hii yote inaweza kukudanganya.
Huo hauna akili ya kudanganya.
Ukilala kushoto, umekosea. Ukilala kulia, umekosea.
Ukinyooka, nyamaza."

Winchi ikanguruma mwisho wa uwanja.
Kamba ikakaza,
tumbo langu likabaki chini, miguuni pa Bwanaadi.
Kisha tak! ndoana ikaachia,
na dunia ikakatika
kama redio iliyoishiwa betri.

Palibaki upepo ukipapasa viungo vya bawa,
pumzi za Sajini,
na meno yangu.

Malindi ilikuwa imekunjuliwa chini kama nguo ya kupimwa:
mabati ya Maweni yakimeta,
Mto Sabaki ukimwaga chai ya maziwa baharini,
na paa moja la buluu
ambalo chini yake mama anadarizi kofia,
akijua niko kwenye gwaride.
(Fomu alitia sahihi mjomba.)

Uzi ukalala kushoto. Nikakanyaga.
Ukalala kulia, kupita kosa la kwanza.
Nikakanyaga tena.
"Unaupigia kelele," akasema Sajini. "Uombe."

Nikaukumbuka mkono wa mama:
sindano haisukumi, huitangulia kidogo tu,
nayo ikafuata.
Nikalegeza goti.
Uzi ukanyooka.
Nikanyamaza.

Juu ya shamba lililochomwa juzi
mwewe alizunguka bila kupiga bawa.
"Piga hodi kwa mwenye nyumba," akanong'ona Sajini,
na joto likatuinua kutoka chini ya makalio,
polepole, bila kutuuliza tu wana wa nani.

Leo ni mruko wa thelathini na tisa.
Sajini ameshuka.
Kwenye kiti chake amefunga mkanda gunia la chumvi ya Gongoni,
akalionya: "Usimsumbue."
Bwanaadi ameshika ncha ya bawa. Hacheki.

Sufu ile iliuawa na jua, ikabaki mashapo ya gundi.
Huu wa leo ni hariri, rangi ya zafarani.
Niliutafuta jana usiku kapuni mwa mama,
nikainua macho, yuko mlangoni.

Hakuuliza wa nini.
Aliuliza, "Urefu gani?"

Nikamwonyesha kidole.
Akaukata kwa meno.